Ukurasa Uliohuishwa Jana

Mguu wake wa kulia ndio uliompa jina. Ukikaa naye meza moja, hata kama hujamtazama, utahisi sakafu inatetemeka kidogo, na ukiinama utauona ule mguu unapanda na kushuka chini ya kiti, kama wa mshonaji aliyebakiza upindo mmoja na mteja kasimama mlangoni. Aliyemwita Cherehani kwa mara ya kwanza ni mkutubi mwenzake, siku ya kwanza walipopewa chumba kimoja kazini, kabla kila mmoja hajapata chake, na jina likaganda hapo hapo. Baadaye mkutubi huyo akamtambulisha kwa kaka yake.

"Kaka, mke nimekupatia," alimwambia. "Ila ukimuoa, meza zako zote zipigilie misumari."

Akaolewa. Hivyo mkutubi mwenzake akawa wifi yake, na utani ukaongezeka mara mbili, kazini na nyumbani.

Maktaba yao ilikuwa ya chuo, na chuo kilikuwa na miongozo ya utafiti kwenye mtandao. Kila somo lina ukurasa wake, unaomwonyesha mwanafunzi aanzie wapi, makala atazipata wapi, na akikwama amwone nani. Kwa miaka mingi kila mkutubi aliujenga wa kwake alivyopenda. Wa sheria, ambaye wote walimwita Wakili ingawa hajawahi kusimama mahakamani, alikuwa na aya ndefu kama korido, unaisoma mpaka unasahau ulifuata nini. Wa sayansi aliweka maandishi yanayowaka na kuzimika. Wifi alikuwa na uuguzi na ukunga, na ukurasa wake ulikuwa wa pinki kuanzia juu hadi chini, na picha ya mwenyewe anacheka mpaka jino la mwisho, na chini yake kaandika: "Njoo tuzungumze, siumi."

Mkuu wa maktaba alipochoka kusikia malalamiko, alimwita Cherehani.

"Andika kanuni," alisema. "Miongozo yote ifanane. Mwanafunzi akitoka sheria kwenda uuguzi asijione amevuka mpaka wa nchi."

Kwa mtu asiyetulia, kazi hiyo ilikuwa kama kupewa uwanja wa kukimbilia. Alizunguka meza za watu akisimama nyuma ya migongo yao na kutazama vioo vya kompyuta zao. Alichagua bluu, akaona imepauka, akaikoleza, akaona sasa inatisha, akairudisha. Alipanga picha ya mkutubi ikae kushoto, kesho yake ikahamia kulia. Wakili alisema mwanamke huyu akipewa dunia ataisogeza kidogo ili ikae vizuri.

Lakini kanuni zilitoka, na zilikuwa nzuri. Vichupo, yaani yale masikio ya juu ya ukurasa unayobonyeza ili uingie sehemu nyingine, visizidi sita. Rangi mbili tu, bluu na kijivu. Aya isizidi mistari mitano. Kiungo kisiandikwe "bonyeza hapa", kitaje kinakokwenda, maana wako wanafunzi wasioona wanaosomewa na simu, na simu ikisoma "bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa" mtu hajui anaitwa na nani. Usiandike "hifadhidata" pale ambapo unaweza kuandika "mahali pa kutafutia makala". Juu kabisa, tarehe ambayo mwongozo umehuishwa kwa mara ya mwisho, ambayo mashine inaiweka yenyewe.

Kanuni ya mwisho iliongezwa na mkuu. Mwongozo ambao haujaguswa muhula mzima utaondolewa, na somo litahamishiwa kwa mkutubi mwingine. Cherehani ndiye aliyeitafutia maneno. Aliyapanga yakapendeza, akayasoma kwa sauti, akaridhika.

Muhula haujaanza sawasawa, mgongo wa wifi, uliokuwa ukimsumbua siku nyingi, ukagoma kabisa. Akapelekwa kupasuliwa. Daktari akasema asikae kwenye kiti mpaka yeye aseme, alale, atembee kidogo, alale tena. Kazini wakatuma salamu na matunda. Cherehani na mumewe wakakubaliana kwamba mgonjwa asiletewe habari za kazi, na kompyuta yake ndogo Cherehani akaichukua mwenyewe, akaifungia kabatini kwake. Kwa upendo.

Ilikuwa wakati anapanga upya lile kabati ndipo akaikumbuka kanuni ya mwisho. Alisimama na rundo la mashuka mikononi.

Pale maktabani mkutubi asiye na somo hukaa kaunta, na kaunta ni kusimama. Unasimama asubuhi, unasimama mchana, unainama kwenye rafu za chini, unainuka. Kwa mgongo ule wifi asingemaliza wiki. Angeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, na huyo si mtu wa kulia mbele za watu, angesema tu amechoka.

Cherehani alimfuata mkuu ofisini.

"Mgonjwa naye anahesabiwa?"

"Kanuni imesema nini?"

"Haikusema mgonjwa."

"Basi haikusema," mkuu alijibu, akirudi kwenye makaratasi yake. "Wanafunzi hawawezi kusubiri, Bi Cherehani. Na mbona umeiandika vizuri mwenyewe?"

Siku hiyo hiyo aliufungua ukurasa wa uuguzi na ukunga. Kwanza alitoa pinki, kwa sababu kanuni ni kanuni, akaweka bluu na kijivu. Kisha, bila kusoma kilichoandikwa, akafuta nukta moja mwishoni mwa sentensi na kuhifadhi. Tarehe ya juu ikabadilika papo hapo: Umehuishwa leo. Moyo ukatulia. Baada ya siku chache ukaanza kumchachafya tena, akairudisha ile nukta. Umehuishwa leo.

Ikawa ndiyo kazi yake. Nukta inatoka, nukta inarudi. Wakati mwingine anabadilisha nafasi kati ya maneno mawili. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuwa na wa kumwambia inatosha. Nyumbani akawa haketi. Anaanza kuosha vyombo, anaacha sabuni inatiririka, anakwenda kukunja nguo, anarudi.

"Wewe leo unatafuta nini humu ndani?" mumewe alimuuliza.

"Sitafuti kitu."

"Basi kaa."

Akakaa. Glasi mezani zikaanza kugongana. Mumewe akaziondoa moja moja.

Hali ikaenda hivyo mpaka Jumatano moja. Alikuwa anapanda ngazi na mafaili, akamkuta binti kajiegemeza kwenye mlango wa chumba cha wifi, mkoba miguuni, macho kwenye simu. Alivaa sare nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi.

"Unamsubiri nani, mwanangu?"

"Shikamoo. Namsubiri mkutubi wetu."

"Marahaba. Huyo hayupo."

"Najua hayupo," binti alisema, na sauti yake haikuwa ya heshima sana. "Hata Jumatano iliyopita hakuwepo. Na ile nyingine. Ameandika kwenye mwongozo anaonana na wanafunzi Jumatano, saa nne hadi saa sita, chumba hiki. Nimegonga mpaka vidole vinauma."

"Anaumwa."

"Anaumwa? Mbona jana alikuwa anafanya kazi?" Akamgeuzia simu. "Si huu hapa? Umehuishwa jana."

Cherehani alitazama ile tarehe kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mafaili yalianza kumteleza, akayabana kwa kidevu.

Binti akaendelea. Alikuwa anaandika kuhusu wazazi wanaovuja damu baada ya kujifungua, na anatakiwa kusimama mbele ya darasa wiki ijayo. Kiungo cha makala kwenye mwongozo kilimpeleka mahali palipofungwa. Cha takwimu kilimpeleka kwenye ukurasa mweupe. Alidhani ni simu yake, akaazima ya mwenzake. Akaandika barua pepe, haikujibiwa.

"Sasa, mama, mtu anahuisha ukurasa kila baada ya siku mbili tatu, halafu hajibu? Darasani tushamchoka. Tunamwita Bi Nakuja."

"Mnamwita nani?"

"Bi Nakuja. Samahani. Si mimi niliyeanzisha."

Cherehani aliweka mafaili sakafuni, papo hapo kwenye ngazi, akamshika binti mkono akampeleka mezani kwake. Makala zilipatikana, kwani zilihamishiwa mahali pengine tangu likizo, na takwimu nazo zikapatikana. Binti aliandika huku akishukuru, akaondoka mbio. Cherehani alibaki pale. Wifi, ambaye wanafunzi walikuwa wakimletea hadi habari za wachumba wao, sasa alikuwa na jina jipya la kejeli, na limetengenezwa kwa nukta.

Hakungoja jioni. Aliomba ruhusa, akachukua ile kompyuta kabatini, akaenda.

Chumba cha wifi kilinukia dawa ya kuchua. Mgonjwa alikuwa kalala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mgongoni, simu imesimamishwa mbele yake kwa kuegemezwa kwenye kopo la uji. Hakugeuka.

"Karibu, wifi. Naomba nikuulize kitu. Jana asubuhi mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Jana? Si ulikuwa umelala."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi. Kumbe nilikuwa kazini! Nimehuisha mwongozo wangu wote, na mkojo nimebebewa kwenye chombo." Akainua simu. "Nina bidii jamani. Watu wa aina yangu wanatakiwa kupewa cheti."

Cherehani alisimama mlangoni, begi begani.

"Umeona lini?"

"Leo nimechoka kutazama dari, nikasema ngoja nikaitazame pinki yangu. Pinki hakuna. Nimekuta kitu kama bati la mvua. Nikasema labda nimekufa hawajaniambia."

"Wifi, usiseme hivyo."

"Sasa niseme nini? Umenifanya mzuka. Natembea kwenye mtandao bila mwili."

"Nilikuwa nakushikia kiti!" Sauti ya Cherehani ilipanda kuliko alivyokusudia. "Mwongozo usipoguswa unaondolewa, na wewe unapelekwa kaunta. Utasimama kaunta wewe? Kwa mgongo huo?"

Karatasi za kanuni ziligawiwa wifi akiwa keshalazwa. Kanuni hiyo hakuwahi kuisikia.

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Mkuu kaisema. Mimi nimeiandika."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Daktari alisema upumzike."

"Daktari alisema nisikae kitako. Kichwa hakukitaja. Wewe na kaka yangu mmekaa mkanigawana kama mirathi, huyu kachukua kompyuta, yule kachukua habari." Akajaribu kujigeuza, akafinya uso, akaacha. "Nenda zako, Cherehani. Kweli nimekasirika."

Hakwenda. Alifunga dirisha, akalifungua, akakunja kanga iliyokuwa kwenye kiti, akaikunja tena upande mwingine. Halafu akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema yote, la binti mlangoni, la viungo vilivyokufa, la barua pepe. Alipofika kwenye Bi Nakuja alisita, kisha akalitoa hivyo hivyo.

Wifi alianza kucheka. Cheko likagonga mgongo, akalia "mama yangu wee!" akashika mto, akaendelea kucheka kwa pumzi fupi fupi, na machozi yakamtoka, na Cherehani hakujua machozi hayo ni ya upande gani.

"Bi Nakuja," alisema alipopata pumzi. "Mimi. Ambaye sijawahi kumfungia mtu mlango." Akajifuta kwa kiganja. "Ilete hiyo kompyuta. Na huo mguu ukae mbali na kitanda, unanitikisa mshono."

Waliiegemeza kompyuta kwenye mto, imelala ubavu kama mwenyewe. Cherehani akabonyeza, wifi akatazama. Kiungo kimoja baada ya kingine.

"Kimekufa. Toa. Kimekufa. Hiki kizima. Hiki kizima lakini kinawapeleka mlango wa nyuma, tafuta wa mbele. Hiki nani kakiweka?"

"Wewe."

"Nilikuwa na wazimu gani? Toa."

Walimaliza kichupo kimoja, cha pa kuanzia. Wifi jasho lilimtoka kwenye nywele na macho yakaanza kufumba. Vilibaki vitano. Vidole vya Cherehani vilikuwa tayari juu ya kichupo cha pili.

"Wewe lala, hivi nitakumalizia."

"Usiguse."

"Wifi, mkuu anakagua Jumatatu."

"Vifiche. Vyote vitano. Sijavisoma, jina langu lisisimame juu yake. Na pale pa Jumatano andika: naugua mgongo, niko nyumbani, niandikieni nitajibu polepole." Akafumba macho. "Polepole, liandike hilo. Na ile karatasi yenye nenosiri la barua pepe yangu, uliificha na kompyuta?"

"Ninayo hapa."

"Irudishe. Mwizi wewe."

Jumatatu mkuu alimulika miongozo yote ukutani, mmoja baada ya mwingine. Wa sheria ulikuwa umekatwa aya, na Wakili aliutazama kama mtu anayetazama nywele zake sakafuni kwa kinyozi. Ukafika wa uuguzi. Kichupo kimoja, peke yake, kama jino la mtoto.

"Ndio nini hiki?" mkuu aliuliza.

"Mwongozo wa uuguzi na ukunga," alisema Cherehani.

"Wengine wana vichupo sita."

"Kanuni inasema visizidi sita. Haisemi visipungue."

Wakili alikohoa kwenye ngumi yake. Mkuu hakucheka.

"Wiki iliyopita ulikuwa na vyote sita, na ulikuwa unahuishwa kila mara."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Mguu ulikuwa unakwenda mpaka meza nzima inasikia.

"Ulikuwa unahuishwa na mimi. Nilikuwa nafuta nukta na kuirudisha ili tarehe ibadilike. Wanafunzi waliiamini tarehe, wakaenda kugonga mlango usio na mtu. Naomba tubadilishe kanuni. Tarehe ya mashine itoke. Iwekwe ya mkono, na aiweke mtu aliyefungua kila kiungo mwenyewe, na jina lake liwe pembeni."

"Kila kiungo?" aliuliza wa sayansi. "Mimi nina viungo kama mchanga."

"Basi punguza," alisema Wakili, akafurahi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mkuu alizima mwanga wa ukutani na kusema hilo la nukta wataliongea ofisini. Waliliongea mlango ukiwa umefungwa, na Cherehani alipotoka masikio yalikuwa yanawaka moto. Alikuwa na onyo mkononi na maamuzi ya mkuu kichwani. Kanuni ya tarehe imepita. Uuguzi unapewa hadi mwisho wa muhula. Ikifika siku hiyo na mwongozo bado haumfai mwanafunzi, somo linahama na wifi ni wa kaunta. Na yeye, Cherehani, asiuguse.

Hakuna adhabu ingemuweza zaidi ya hiyo. Alikuwa na funguo zote za ile miongozo na haruhusiwi kuufungua mmoja. Aliutazama tu kama mwanafunzi yeyote. Asubuhi anafika, kabla ya kutundika mkoba, anatazama. Tarehe ile ile, siku waliyokaa kitandani. Anakwenda kupanga viti, anarudi, anatazama. Tarehe ile ile. Jioni alipopita kumsalimia mgonjwa alimkuta kalala, au kajifanya kalala, na kompyuta imefunikwa kwa kanga.

"Anaifanya?" alimuuliza mumewe.

"Muulize."

"Nikimuuliza atasema namharakisha."

"Si ndicho unachofanya?"

Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku zikapita, akaanza kuzoea kukata tamaa. Halafu Alhamisi moja tarehe ikawa nyingine. Kichupo cha pili kilikuwa kimefunguka, cha kutafutia makala. Alibonyeza kiungo cha kwanza, kikaenda. Cha pili, kikaenda. Alibonyeza vyote huku kasimama, akiogopa kukaa. Vyote vizima, vyote vinataja vinakokwenda. Ila kichwa cha habari kilikuwa pinki.

Alimpigia simu.

"Wifi, nimeona."

"Umeona nini?"

"Kazi nzuri. Lakini pinki, wifi. Rangi ni mbili tu."

"Mwenzio nimeandika mstari mmoja kwa dakika, kichwa kiko hapa, miguu iko kule, wewe umeona pinki?"

"Kanuni..."

"Njoo uitoe basi."

"Nimekatazwa kugusa."

"Ah! Kwa hiyo huna la kufanya?" Cheko lake sasa lilikuwa refu, halikuishia mgongoni. "Pole sana, Cherehani. Kwaheri."

Kikaja cha tatu. Baadaye kidogo cha nne. Yule binti wa sare nyeupe alikutana naye ngazini akamwambia amejibiwa, siku mbili baada ya kuandika, jibu refu kuliko swali, na mwishoni kaandikiwa: "Wako, Bi Nakuja." Binti alisema alitamani sakafu immeze. Darasa zima limeisoma.

Siku ya ukaguzi wa mwisho mkuu hakumulika ukutani. Alikaa kwenye kompyuta ya Cherehani mwenyewe, akavuta kiti, akafungua mwongozo wa uuguzi na kubonyeza kimya kimya, kiungo hadi kiungo, huku mwenye kiti kasimama nyuma yake hajui mikono aiweke wapi. Vichupo vilikuwa vinne. Juu palikuwa na tarehe ya mkono na jina. Mkuu alibonyeza mpaka cha mwisho. Kisha akaegemea.

"Hakuna hata kimoja kilichokufa," alisema.

"Hakuna."

"Somo libaki kwake. Kiti chake kibaki." Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, kidogo pembeni ya pale kilipokuwa. "Lakini hiyo pinki iondoke."

"Mwambie mwenyewe," Cherehani alisema. "Daktari kamruhusu. Jumatano, saa nne, atakuwepo."

Mkuu alitoka. Cherehani akakisogeza kiti kilipokuwa, akaketi, akaitazama ile pinki. Mguu wake ulikuwa umeshaanza.